Oili Inayovutwa Kwenye Njia ya Hewa: Namna ya Kuipunguza Bila Kuinyima Injini Pumzi

Umefungua bomba la hewa linalotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini, ukapitisha kidole ndani, kikatoka kimelowa oili. Wengi wakifika hapo hukimbilia kununua kopo la kunasia oili, yaani chombo kinachofungwa kwenye mpira wa kupumulia wa injini ili oili ibaki humo. Mimi naomba usubiri. Kopo lina kazi yake na tutalifikia, lakini ni hatua ya mwisho. Ukilifunga kwenye injini yenye valvu iliyoziba au ringi zilizochoka, utakuwa unakinga maji ya paa linalovuja huku bati lenyewe halijaguswa.

Injini inavyopumua

Mafuta yanapolipuka juu ya pistoni, ringi haziwezi kuzuia gesi yote. Sehemu ndogo hupenya pembeni mwa pistoni na kushuka kwenye tumbo la injini, pale krenki inapozungukia. Hata injini mpya kabisa hupitisha gesi hiyo. Ndani yake mna mvuke wa maji, petroli ambayo haijaungua na tindikali. Humo tumboni inakutana na oili inayorushwa na krenki, inajaa matone madogo sana na kugeuka ukungu.

Gesi hiyo lazima itoke. Ikibanwa, shinikizo hupanda na oili husukumwa nje kwenye sili na gasketi. Zamani magari yalikuwa na bomba lililoimwaga chini barabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa sababu ya moshi mzito uliokuwa ukitanda California, magari ya Marekani yakaanza kufungwa mfumo unaoirudisha kwenye njia ya hewa ili iungue. Huo ndio mfumo wa PCV, yaani wa kupumulia tumbo la injini, tulio nao hadi leo.

Injini nyingi za petroli zina mipira miwili, na huu ndio msingi wa kila kitu kinachofuata. Mmoja, ambao nitauita mpira wa valvu, unatoka kwenye valvu ya PCV na kuingia kwenye manifoldi (bomba lenye matawi linalogawa hewa kwenye silinda), baada ya throtili (kilango cha hewa kinachofunguka unapokanyaga). Wa pili, mpira wa hewa safi, unatoka kwenye bomba la hewa kabla ya throtili na kuingia kwenye kava ya tapeti, kifuniko cha juu ya injini. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa, au gari likitembea mwendo wa kawaida, manifoldi ina mvuto mkubwa: hufyonza gesi kupitia mpira wa valvu, na hewa safi huingia kupitia mpira wa pili kuchukua nafasi yake.

Ukikanyaga hadi chini mambo yanageuka. Throtili ikiwa wazi kabisa, mvuto ndani ya manifoldi karibu unakwisha. Wakati huohuo ndipo gesi inayopenya ringi inakuwa nyingi kuliko wakati wowote. Valvu haimudu, kwa hiyo gesi inayozidi hurudi kinyumenyume kupitia mpira wa hewa safi na kutokea kwenye bomba la hewa, kabla ya throtili. Kwenye gari la turbo jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu turbo ikianza kusukuma, valvu hujifunga kabisa na gesi yote hupita upande wa pili, kuelekea mdomo wa turbo.

Kwa nini ujisumbue nayo? Oili iliyochanganyika na hewa hushusha uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo, na injini inaweza kuanza kugonga. Huacha masizi kwenye plagi na kwenye throtili. Fosforasi na zinki zilizomo kwenye viungio vya oili huchafua kichujio cha moshi kwenye ekzozi pole pole. Injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda ndiyo inayoumia zaidi: vali za kuingizia hewa haziogeshwi na petroli, kwa hiyo oili huganda juu yake na kugeuka kaboni ngumu. Dawa ya kumimina kwenye tangi haiwezi kuzisafisha vali hizo, kwa sababu haipiti hapo.

Utando mwembamba wa oili ndani ya bomba ni wa kawaida, tafadhali usiuhangaikie. Shida ni oili inayotiririka, inayokusanyika kidimbwi kwenye kona za bomba, au inayofanya kipimo kishuke kati ya huduma moja na nyingine.

Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa kitu

Egesha gari mahali tambarare. Subiri kama dakika kumi baada ya kuzima, kisha jaza oili hadi alama ya juu ya kijiti, isipite hapo. Andika kilomita zilizosomeka. Futa ndani ya bomba la hewa kwa kitambaa cheupe hadi kitoke kikavu. Endesha kilomita 1,000 kama unavyoendesha siku zote, kisha rudi mahali palepale, subiri muda uleule, na ongeza oili kwa chombo chenye alama za mililita hadi ifike juu tena. Ulichoongeza ndicho kiasi kilichopotea. Bila tarakimu hii, kila unachobadilisha baadaye kitakuwa cha kubahatisha.

Angalia pia kama oili ilikuwa imezidi tangu mwanzo. Nimeona magari mengi yanayosemwa kuwa yanatema oili, kumbe aliyebadilisha oili alimimina galoni nzima bila kutazama kijiti. Oili ikipanda hadi kuguswa na krenki, inapigwa na kutoa povu, na povu hilo linabebwa na gesi kwa urahisi sana. Kuipunguza hadi kwenye alama hakuna gharama.

Hatua ya 2: Tafuta imepitia mlango upi

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine zote, na sijawahi kujuta. Injini ikiwa imepoa, chomoa mipira yote miwili na uangalie ndani ya kila mmoja kwa tochi.

Mpira wa valvu ukiwa umelowa chepechepe na ule wa hewa safi ukiwa karibu mkavu, gesi inapita njia yake ya kawaida lakini inabeba oili nyingi. Shuku vibamba vya kutenganisha oili ndani ya kava ya tapeti, valvu iliyokwama ikiwa wazi, au oili nyepesi kupita kiasi.

Mpira wa hewa safi ukiwa ndio uliolowa, pamoja na bomba la hewa kabla ya throtili, gesi inarudi kinyume. Sababu zake kubwa ni mbili: valvu ya PCV imeziba, au gesi inayopenya ringi imezidi uwezo wa mfumo. Ya kwanza hutibika kwa dakika chache, ya pili ni ugonjwa wa injini yenyewe. Dereva anayekanyaga sana kwenye milima mirefu anaweza kuona dalili hii hata kwenye injini nzima, kwa hiyo zingatia na uendeshaji.

Mwenye turbo afanye jambo moja zaidi: achomoe bomba la upande wa kuingia na la upande wa kutoka. Mdomo wa kuingia ukiwa na oili, imetokea kwenye mfumo wa kupumua. Mdomo wa kuingia ukiwa mkavu na wa kutoka ukiwa umelowa, shuku sili za turbo, na mwongozo huu hautakusaidia.

Moshi nao una lugha yake. Moshi wa bluu unaotoka kwa muda mfupi gari linapowashwa baada ya kulala usiku kucha huelekeza kwenye sili za vali. Moshi wa bluu unaoendelea unapokanyaga mlimani huelekeza kwenye ringi.

Hatua ya 3: Jaribu valvu na mvuto

Washa injini, ipate joto, iache iungurume. Bana mpira wa valvu kwa koleo lililofungwa kitambaa ili usiukate. Mlio wa injini unapaswa kubadilika kidogo au mzunguko kushuka. Usipobadilika hata chembe, njia imeziba mahali fulani.

Kisha chomoa valvu kwenye kava, ikiwa bado imeshikana na mpira wake, na uziba mdomo wake kwa kidole. Utahisi unafyonzwa. Zima gari, itoe kabisa na uitikise sikioni: valvu ya aina ya kizamani inapaswa kulia kama punje ndani ya kopo. Lakini usidanganyike na mlio huo. Unakuambia tu kwamba kipande cha ndani hakijaganda. Haukuambii kama springi bado ina nguvu yake, na springi iliyolegea huvusha gesi kwa kipimo kisicho sahihi.

Jaribio la tatu ni la karatasi. Injini ikiunguruma, fungua kifuniko cha kumiminia oili na uweke karatasi nyepesi juu ya tundu. Baadhi ya injini hurusha oili hapo, kwa hiyo simama pembeni. Karatasi ikivutwa taratibu ikashika, mfumo unafanya kazi. Ikirushwa juu kwa nguvu, kuna shinikizo tumboni. Na kama kifuniko chenyewe kiling'ang'ania kutoka, na injini inapiga mluzi mwembamba, huenda utando wa mpira ndani ya kifaa cha kutenganishia oili umechanika. Hali hiyo ni ya kawaida kwenye injini ambazo kifaa hicho kimejengwa ndani ya kava ya tapeti. Utando ukichanika, manifoldi hulifyonza tumbo la injini bila kizuizi, oili huvutwa kwa wingi, na mara nyingi taa ya injini huwaka ikiwa na msimbo wa hitilafu P0171, maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko inavyotakiwa.

Hatua ya 4: Badilisha kilichokufa, safisha kilichoziba

Valvu ya PCV ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa kwenye gari. Ukiitilia shaka, nunua mpya, usiihangaikie kuiosha. Ila hakikisha ni ya injini yako hasa. Valvu mbili zinaweza kuwa na nyuzi zilezile na umbo lilelile huku zikipitisha gesi kwa vipimo tofauti, kwa sababu kila moja imepangwa kulingana na injini yake. Na itazame upande inavyoelekea kabla ya kuisukuma ndani.

Mipira iliyopasuka, iliyokakamaa au iliyolegea kama bamia iliyopikwa sana ibadilishwe yote. Iliyo mizima ioshwe kwa kiyeyusho, ipulizwe na ikauke kabisa.

Kava ya tapeti inataka subira. Chini yake kuna vibamba vinavyoilazimisha gesi kupinda na kugongagonga ukuta, ili matone ya oili yaanguke na kurudi chini kupitia vitundu vidogo. Vitundu hivyo vikizibwa na tope la oili nzee, oili hukusanyika juu ya vibamba na kunyonywa moja kwa moja. Hii ndiyo sababu ninayoiona mara nyingi kwenye magari ambayo oili yake ilichelewa kubadilishwa. Kava ya chuma unaweza kuiloweka usiku kucha kwenye mafuta ya taa, kisha uisukume dawa kwenye kila kitundu hadi itoke safi upande wa pili. Kava ya plastiki yenye vibamba vilivyounganishwa kiwandani haifunguki. Osha kwa dawa isiyoshambulia plastiki, na ikigoma kusafika, badilisha kava nzima. Unaporudisha weka gasketi mpya na kaza bolti kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji. Bolti za kava huvunjika kwa urahisi.

Hatua ya 5: Oili yenyewe

Oili hupanda kama matone na pia kama mvuke. Kipimo cha mvuke kinaitwa Noack: oili hupashwa moto hadi nyuzi 250 za Selsiasi kwa saa moja, kisha hupimwa kiasi kilichopotea. Viwango vya oili vya ILSAC (vya Marekani na Japani) huruhusu kisizidi asilimia 15, na kiwango cha Ulaya cha ACEA C3 kisizidi asilimia 13. Kadiri namba ilivyo ndogo ndivyo inavyokufaa. Huipati kwenye lebo ya galoni mara nyingi, ila iko kwenye karatasi ya maelezo ya kiufundi ya watengenezaji wengi.

Usikimbilie kuweka oili nzito kuliko iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari kwa nia ya kupunguza upotevu. Chagua iliyo bora ndani ya uzito ulioruhusiwa, na ibadilishe kwa wakati.

Hatua ya 6: Zihakikishe ringi

Kama valvu ni mpya, njia ni safi, oili iko kwenye alama, na bado karatasi inarushwa, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa kila silinda. Silinda yenye kipimo cha chini kabisa isipungue robo tatu ya ile yenye kipimo cha juu kabisa. Silinda yenye kipimo cha chini itie kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena: ikipanda sana, ringi zake zimechoka, isipopanda, tazama vali. Fundi mwenye kifaa cha kusukuma hewa ndani ya silinda anaweza kusikiliza kwenye tundu la kumiminia oili. Sauti ya hewa ikitokea hapo kwa nguvu, jibu limepatikana. Injini ya namna hiyo inataka kufunguliwa. Kopo litajaa, utalimwaga, litajaa tena.

Hatua ya 7: Sasa kopo

Ukishafika hapa, na injini iko sawa lakini bado hutaki ukungu uliobaki ufike kwenye vali, kopo lina faida ya kweli, hasa kwa injini inayopuliza petroli ndani ya silinda na kwa ile ya turbo.

Kopo zuri hufanya mambo matatu: hupunguza mwendo wa gesi, huilazimisha kupinda, na huipa uso mkubwa wa chuma baridi wa matone kung'ang'ania. Kwa hiyo ndani lazima kuwe na vibamba au wavu mnene wa chuma cha pua. Kopo tupu lenye matundu mawili halinasi karibu chochote. Ukungu unaingia huku na kutokea kule. Wala usijaze steliwaya ya kusugulia sufuria, kwani inakatika vipande vidogo na vipande hivyo huishia kwenye silinda. Ujazo wa nusu lita unatosha gari la kawaida.

Kabla ya kulifunga, ziba tundu moja, lizamishe kwenye ndoo ya maji na upulize kwa mdomo kupitia tundu la pili. Povu likitoka popote, tengeneza kwanza. Upande wa manifoldi kopo huwa ndani ya mvuto, na mwanya mdogo tu huingiza hewa isiyopimwa na sensa.

Funga kati ya valvu ya PCV na manifoldi, valvu yenyewe ibaki mahali pake. Mdomo wa kuingilia upokee kutoka kwenye valvu, wa kutokea uende kwenye manifoldi. Kwenye makopo mengi ukigeuza, hayanasi. Chagua mahali penye upepo, mbali na ekzozi, pa kufikika kwa mkono. Funga kwenye chuma imara, kwa sababu kopo linaloning'inia hukata mipira yake.

Mpira unaonunua una maana kuliko wengi wanavyodhani. Usitumie mpira wa rejeta: mara nyingi hutengenezwa kwa raba ya EPDM, ambayo huvimba na kulainika ikikutana na oili. Tafuta uliotengenezwa kwa raba ya nitraili au fluoro, wenye ukuta mgumu usiojikunja ukivutwa. Kipenyo cha ndani kisiwe chini ya cha kiwandani. Kama wa kiwandani ni milimita 10, wako uwe milimita 10 au zaidi. Uupitishe bila kona kali wala bonde la chini, maana maji hutuama kwenye bonde, na penye baridi kali huganda na kuziba njia nzima.

Gari la turbo hutaka ulinzi upande wa mpira wa hewa safi pia, kwa kopo la pili au kopo lenye njia mbili na valvu za kuzuia kurudi.

Mambo matatu usiyafanye. Usiache kopo lipumulie nje: katika nchi nyingi ni kosa kisheria, gesi hiyo ni sumu, na tumbo la injini linakosa mvuto wa kulisafisha. Usizibe mpira wowote. Niliwahi kununua gari ambalo mmiliki wa awali aliingiza bolti kwenye mpira wa valvu ili oili isiende kwenye manifoldi. Manifoldi ilikuwa kavu kweli, lakini sili ya nyuma ya krenki ilikuwa imesukumwa, na kuibadilisha kulidai giaboksi ishushwe. Sili yenyewe ilikuwa kitu kidogo cha kushika kiganjani. Na usisahau kulimwaga. Kwa injini ya dizeli kopo lililofurika ni hatari: oili ikivutwa kwa wingi, dizeli inaweza kuitumia kama mafuta na kupanda mzunguko yenyewe, na kuzima swichi hakutaisimamisha.

Kama gari bado lina dhamana, soma masharti yake kwanza.

Hatua ya 8: Kumwaga na kusafisha

Fungua kopo baada ya kilomita 500 za mwanzo. Utakachokuta kitakushangaza kwa rangi: mara nyingi ni uji wa kahawia au wa maziwa, kwa kuwa ni oili, maji na petroli kwa pamoja. Safari fupi fupi na hali ya baridi huongeza maji. Usiurudishe kwenye injini kamwe. Uweke pamoja na oili chafu inayopelekwa kukusanywa. Kutokana na kiasi ulichokuta, jipangie ratiba yako, lakini usipitishe badiliko moja la oili bila kulitazama.

Oili iliyokwishaingia haitoki yenyewe. Safisha bomba, kipepeo cha throtili kwa dawa yake, na kwenye gari la turbo toa kipoza hewa ya turbo (intakula) ukimwage. Kaboni iliyoganda kwenye vali hutolewa kwa kupulizwa maganda ya jozi yaliyosagwa, kazi ya gereji yenye vifaa, na kila vali lazima iwe imefungwa wakati wa kupulizwa.

Kisha futa tena bomba kwa kitambaa cheupe, jaza oili hadi alama ya juu, andika kilomita, na uendeshe nyingine 1,000. Linganisha mililita za sasa na zile za mwanzo. Ukikuta kopo lina mililita 60 lakini kiasi ulichoongeza kwenye injini ni kikubwa kuliko hicho kwa mbali, hiyo oili nyingine huenda haikuwa ikipita kwenye mipira. Rudi kwenye sili za vali na ringi.